Tarakimu Tatu za Katikati

Chumba cha mitambo, kliniki
Tarehe 6 Februari

Mpwa wangu Injinia,

Salamu zangu zikukute huko kwenye baridi ukiwa umevaa soksi mbili na kofia juu. Huku sote wazima. Mama yako mzima, na mimi ni mzima kupita kiasi, hadi watu wanaona wivu. Gari la dawa lilifika juzi na kifurushi chako. Kabla sijakifungua nilijua ni wewe, maana hakuna mwingine duniani anayefunga kitu kidogo kama ukucha kwa mita tatu za utepe wa gundi.

Mama yako bado yuko kitanda cha mwisho, kile kinachopakana na chumba changu. Mapafu ni yale yale. Vumbi la mizani ya malori la miaka ishirini na saba halitoki kwa dawa ya kikohozi. Lakini mpira wa oksijeni uko puani, rangi imerudi, na mdomo haujapungua hata nusu kilo. Jana kamwambia nesi mkuu kwamba shuka za hapa zinakunjwa kama na mtu anayehama kwa kufukuzwa. Nesi mkuu kacheka, na yule mama huwa hacheki mpaka apate kibali.

Sasa tuje kwenye kazi. Ule mfumo mpya uliotuma kwenye flashi nimeuingiza kwenye kompyuta ya mashine ya oksijeni, peke yangu, bila kumuuliza mtu. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa cha kunifundisha! Nimefunga majenereta kwenye meli tatu, nimetengeneza lifti ya ghorofa thelathini nikiwa nimening'inia kwa mkanda wa suruali, itakuwa flashi? Mfumo wa zamani ulijaa virusi hadi kompyuta ilikuwa inakohoa kuliko wagonjwa. Umefanya la maana kutuma huu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kidogo. Unajua ile kadi inayoendesha valvu za mashine, na unajua kampuni iliyoitengeneza ilishakufa ikatuachia moduli tu, kipande cha programu cha kuiongoza. Moduli ni mgeni: unamwingiza ndani ya kiini cha mfumo kiini kikiwa kazini. Mgeni wetu akishaingia lazima amwite mwenyeji mmoja, kile kitendaji kinachomruhusu kuruka foleni, ili valvu zibadilishane kila sekunde nane bila kusubiri zamu. Zamani alikuwa anauliza mapokezi, fulani yuko chumba gani, anaelekezwa. Kwenye mfumo wako mpya mapokezi wamenuna. Mwenyeji yupo, anafanya kazi humo humo ndani, ila wageni wamekatazwa kuambiwa aliko.

Mtu mwingine angelia. Mimi nimepita dirishani. Sasa umeme ukikatika na kurudi, mashine inajiwasha yenyewe. Usiwe na wasiwasi hata wa kijiko cha chai.

Mimi mjomba wako, mmoja tu wa aina yake,
Bisibisi


Tarehe 1 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imetembea siku ishirini na mbili, lakini imefika, na nimecheka peke yangu chumbani hadi jirani akagonga ukuta. Mimi sijambo. Soksi ni tatu, si mbili. Kibali cha kusafiri bado. Dirisha la vibali linafunguliwa Jumanne tu, na kila Jumanne yule karani ananiambia faili langu "linatembea". Nikiondoka bila kibali siruhusiwi kurudi. Kwa hiyo nakaa.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie shuka nitazikunja mwenyewe nikija.

Mjomba, pale uliposema mapokezi wamenuna nimepasoma mara nyingi. Jina la kitendaji hicho nalijua. Nalijua vizuri. Ninachotaka kujua ni dirisha gani umepita. Orodha ya vyumba mkubwa wa mfumo, yaani wewe hapo, bado anaruhusiwa kuisoma, najua, na ukisoma anwani ukamkabidhi mgeni mkononi wakati anaingia, atafika. Lakini mfumo ule kila ukiwashwa upya unasogeza vyumba makusudi, ili wezi wasizoee. Anwani ya jana leo ni ya chumba kingine kabisa. Mgeni akiingia chumba kisicho chake, kiini chote kinaanguka.

Sasa wewe umesema inajiwasha yenyewe. Kwa vipi? Nani anaisoma anwani mpya kila umeme unaporudi? Nijibu hilo tu, mengine nitaelewa.

Na mama anatumia lita ngapi kwa dakika siku hizi? Hukuandika.

Mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivi? Barua ya ukurasa mmoja imekuwa kurasa nne.

Mpwa wako.


Chumba cha mitambo
Tarehe 25 Machi

Mpwa wangu Injinia, marahaba, marahaba sana, na marahaba nyingine iweke akiba.

Tumepata barua yako. Mama yako ndiye aliyenisomea, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na grisi, na barua ya mtu msomi haishikwi na grisi. Amefika penye jirani kugonga ukuta akacheka, kisha akakohoa, kisha akacheka tena. Yule karani wa vibali mwambie mimi nilishawahi kumtengenezea balozi mmoja feni ya dari, nikitaka naweza kuandika neno. Balozi wa wapi usiniulize. Alikuwa mnene, na feni ilikuwa inalia.

Habari za nyumbani: bati la jikoni limepigwa na upepo, nimelipigilia. Jirani wa nyuma ameoa tena. Mnara wa simu ulioanguka bado umelala vile vile chini, mbuzi wanaukalia, ndiyo maana ninakuandikia kama watu wa kale.

Umeuliza kwa vipi. Kwa ufundi! Mbona swali la kitoto? Wewe umesomea vitu hivi kwenye ubao na kiyoyozi, mimi nimevisomea kwa kupigwa shoti. Anwani inasomwa, mgeni anapewa, valvu zinacheza. Nani anaisoma ni mambo ya ndani ya karakana. Hata mpishi mzuri humkaribishi jikoni umuulize chumvi ameitia kwa mkono gani.

Mama yako anatumia lita mbili. Amenenepa.

Mwandiko ni mkubwa kwa ajili yako. Nimesikia miwani huko ni adimu.

Bisibisi, fundi mkuu, fundi msaidizi, na mlinzi wa zamu

*Mwanangu, hapa ni mimi. Amekwenda kutafuta gundi ya bahasha. Ni lita nne, si mbili. Na juzi mjomba wako alimsalimia nesi mkuu mara mbili, na ile mara ya pili lilikuwa kabati. Usimwambie nimesema. Kula vizuri. Mama.*


Tarehe 17 Aprili

Mjomba, shikamoo, natumaini bati limeshikilia.

Nimehamishwa dawati. Sasa naona uwanja wa kuegesha magari na mti mmoja usio na jani. Wenzangu ni watu wema, wananiletea chai bila kuuliza. Karani wa vibali amebadilishwa. Huyu mpya hajui hata faili linafananaje.

Nitakwambia nilichofanya. Jumatatu, kwenye kikao cha sisi tunaoutengeneza mfumo huu, niliomba ule mlango ufunguliwe tena, wageni waruhusiwe kumwita yule mwenyeji kwa jina. Nikaeleza kuna mashine moja, mahali fulani, inayotegemea. Sikusema ni ya nani. Mkuu wa kikosi alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Akasema kiini hakiwezi kulinda wageni wasiojulikana, kwamba mlango ulifungwa kwa sababu nzuri, kila moduli ilikuwa inaruka foleni hadi foleni ikapoteza maana. Halafu akanitazama akaniuliza swali moja. Nikakaa chini.

Sitaki kuliandika swali lenyewe. Labda baadaye.

Mjomba, sikulaumu. Nakuomba. Nani anasoma ile namba ya anwani? Kama ni wewe, sema ni mimi. Kama si wewe, sema. Na macho yako yakoje? Usinitajie balozi. Nitajie macho.

Naota mashine imezima na mimi niko hapa nahesabu magari.

Mpwa wako.


Chumba cha mitambo
Tarehe 9 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Tuko hai. Bati limeshikilia.

Hii barua imenichukua siku tatu, naweka rula chini ya kila mstari ili nisipande juu ya mwenzake. Mama yako kaniambia, "Usipomwandikia wewe, naandika mimi, na mimi nikiandika sitakupamba." Basi naandika.

Macho yamekwenda. Si yote. Pembeni naona vizuri, mlango naupata, ngazi naipanda. Ila katikati ya kila ninachokitazama kuna doa, kama mtu ameweka kidole gumba kwenye kioo. Nikimtazama nesi mkuu usoni naona masikio tu. Ana masikio mazuri, sikuwahi kujua. Herufi ndogo za kwenye skrini kwangu ni mchwa. Ilianza mwaka jana, nikajiambia ni uchovu, na mimi nikijiambia jambo huwa ninajiamini sana.

Mashine haijiwashi yenyewe. Haijawahi.

Umeme ukirudi, kompyuta inaamka, mimi naandika amri kwa vidole. Kibodi sihitaji kuiona, vidole vinaifahamu kama meno yanavyofahamu ulimi. Kiini kinaleta ile namba, na hapo ndipo ninapokwama. Kwa hiyo nimeivuta waya ya skrini kupitia tundu la ukutani, skrini nimeiweka juu ya toroli la chakula, miguuni pa kitanda cha mama yako. Anayeisoma namba ni yeye.

Unamjua mama yako na namba. Miaka ishirini na saba kwenye kibanda cha mizani, anawasomea madereva uzito wa malori kwa sauti, tarakimu moja moja, na dereva anayedakia katikati anaanziwa upya. "Namba haikatwi," ndivyo anavyosema hadi leo. Basi anasoma zote kumi na sita, tarakimu na herufi zilizochanganyika, herufi anazitaja kwa Kiingereza. Efu, efu, efu, efu, efu, efu, efu, efu. Nane za mwanzo daima ni efu, hizo nilishazigundua zamani, naziandika kabla hajafungua mdomo. Nimemwambia aziruke, hataki. Anasema hizo ndizo zinazompa mwendo. Kisha nane zinazofuata, taratibu, na mimi nagonga upande wa pili wa ukuta, tak, tak. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Alikuwa anasema, "Lori lako limezidi uzito, Bisibisi, shusha magunia."

Wakati huo anapumulia mtungi wa akiba, na mtungi si mkubwa. Mara mbili kidole changu kimeteleza nikagonga herufi ya jirani. Mfumo mzima ukaganda, ukazima, ukaamka, vyumba vimesogea, namba mpya, anaanza upya kutoka efu ya kwanza.

Mwezi uliopita aliniambia, "Hizi tano za mwisho mbona ni zile zile za juzi?" Nikamwambia ni bahati tu, kama namba za bahati nasibu, wewe soma zote. Ningemwambia nini tena? Mimi ndiye fundi.

Siku hizi anapumzika katikati. Anasoma nne, anatulia. Anasoma mbili, anatulia. Lita ni tano. Mimi nakaa upande wangu wa ukuta nimeweka kidole juu ya kibodi, nasubiri.

Nesi mkuu hajui. Akijua atanitoa, na ana haki, lakini fundi mwingine yuko mbali kwa siku mbili za barabara na hajawahi kuiona kadi hii. Na mama yako kumhamishia hospitali kubwa ni saa kumi ndani ya gari, na mtungi ni wa saa nne. Nimepiga hesabu upande huu na upande ule. Zote zinanirudisha kwenye kiti hiki.

Mpwa wangu, mimi sijawahi kumuuliza mtu hivi tangu nizaliwe. Nifanyeje?

Mjomba wako.


Tarehe 30 Mei

Mjomba, shikamoo. Sina habari nyingine. Gari la posta linaondoka saa sita, naandika haraka.

Karatasi ya pili ndani ya bahasha ina mistari miwili. Miwili tu. Nimeiandika kwa herufi kubwa, kila herufi na nafasi yake. Mstari wa kwanza unaitafuta ile namba kwenye orodha na kuishika. Mstari wa pili unamkabidhi mgeni wakati anaingia. Iweke kwenye faili la mambo yanayotendeka kompyuta ikiamka, unalijua liko wapi. Hakuna wa kusoma. Macho hayahitajiki, yako wala ya mama. Kompyuta inajisomea yenyewe.

Ni kitu ambacho ningekuandikia Februari, nikiwa nimesimama mguu mmoja. Uliniambia inajiwasha yenyewe, nikauliza nani anasoma huku nikidhani umeshaandika mistari hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo njia rahisi, kila mtu angeifanya. Nikaanza kuhangaika na vikao na milango mikubwa. Sikuwahi kufikiri kwamba anayesoma ni mama.

Kabla hujaiweka, sikia hili kwanza, umeme usije ukakatika ukiwa bado. Mama amesema kweli. Tano za mwisho hazibadiliki. Mfumo hauchanganyi vyumba kimoja kimoja, unasogeza jengo zima, na unalisogeza kwa hatua kubwa kubwa, kwa hiyo mkia wa namba unabaki vile vile hadi mfumo wenyewe ubadilishwe. Efu nane za mwanzo hazibadiliki. Tano za mwisho hazibadiliki. Kati ya kumi na sita zinazobadilika ni tatu. Tatu za katikati. Mwambie mama asome hizo tatu, basi. Mwambie mimi ndiye niliyesema namba ikatwe.

Na lile swali la kikao. Mkuu wa kikosi aliniuliza, "Si wewe mwenyewe uliyeufunga mlango huu?" Ni mimi. Mwaka juzi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kukubaliwa, walinipigia makofi. Nilitafuta kama kuna anayeutumia, nikatafuta kila mahali ambapo mtu wa hapa anaweza kutafuta. Halafu nikakuletea kwenye flashi. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, nikaona haya.

Ningekwambia Machi, labda na wewe ungeniambia.

Nenda ukaiweke sasa hivi, mjomba. Usimalize hata kusoma salamu.

Mpwa wako.


Kliniki
Tarehe 21 Juni

Mpwa wangu,

Mwandiko huu ni wa nesi mkuu. Maneno ni yangu. Nimemwomba asinisahihishe, naye amekubali, ila amekataa kuandika neno moja nililomwita mtengenezaji wa mitungi.

Najua habari umeshapata. Nesi mkuu aliwaita wakubwa wake kwa redio ya ofisini, na wao wakakupigia. Tumemzika vizuri. Madereva wanane wa malori walikuja, wa zamani, watu wazima wenye mvi, hata sijui nani aliwaambia. Walisimama kwenye mstari kama vile wanasubiri kupimwa.

Nataka uisikie kwangu, si kwa redio.

Ilikuwa Jumatano tarehe kumi na moja, mchana, saa nane hivi. Umeme ulikatika ukarudi. Nesi mkuu alikuwa chumba cha kujifungulia na mama aliyekuwa na shida. Nilimhamishia mama yako kwenye mtungi wa akiba, nikasukuma toroli, nikarudi upande wangu nikaandika amri. Nikamwambia, dada, tayari. Akaanza. Efu zote nane, hakuacha hata moja. Nilimwambia tena, ziruke hizo, akaniambia, "Nyamaza, lori liko juu ya mizani." Kisha akasema tisa. Akatulia. Akasema ei. Akatulia sana. Akasema sita.

Nikagonga sita. Nikangoja.

Alikuwa na kawaida ya kupumzika pale, nilikwambia. Nikasema, dada, endelea, bado tano. Nikasema pole pole, hakuna haraka. Nikamchekesha, nikamwambia dereva anapiga honi. Nimekaa na kidole hewani, mpwa wangu, sijui muda gani, nesi anasema dakika saba, mimi nasema ni zaidi. Nilipozunguka ukuta nikamtazama, usoni sioni, naona masikio yake na hereni zile ulizomletea. Nikaweka mkono puani. Ndipo nikapiga kelele.

Nesi mkuu alikuja mbio na glavu za damu. Mtungi ulikuwa umekwisha; haukuwa umejaa, na mshale wa kipimo mimi siuoni. Akaitazama skrini ya kwenye toroli, akaniuliza, namba ni hii? Ndivyo alivyojua, wakati ule ule, bila mtu kumweleza. Akasoma zote kumi na sita kwa pumzi moja. Mashine ikawaka. Alimhangaikia mama yako hadi saa kumi. Hajanisema hata leo. Bora angenisema.

Barua yako ilifika Jumapili, siku ya nne tangu afariki. Aliyekuwa ananisomea barua zako hayupo, nikaishika siku nzima mfukoni, mwisho nikampa nesi mkuu. Amefika penye tarakimu tatu akaacha kusoma. Nikamwambia endelea. Akasema, "Bisibisi, unataka niendelee?" Nikamwambia soma yote, namba haikatwi.

Tano za mwisho ni sifuri, herufi si, nne, herufi di, sifuri. Sijasomewa na mtu. Vidole vilikuwa vinazijua tangu Machi. Zilikuwa hapa mkononi mwangu nikiwa nimekaa, namwambia bado tano. Alikuwa amemaliza, mpwa wangu. Dada yangu alikuwa amenisomea yote. Mimi ndiye niliyekuwa nasubiri.

Huo mlango uliouziba uache ulivyo. Watu walikuwa wanaruka foleni, ulifanya kazi yako, na huwezi kumuona mtu aliyejificha. Nilijificha vizuri. Ni kitu pekee nilichowahi kukifanya kimya kimya. Usikae na hilo huko peke yako na ule mti. Kibali kikitoka, njoo. Kisipotoka, kula, uvae soksi. Mimi nimeambiwa nibaki hadi fundi mpya afike, nimfundishe. Nitamfundisha kwa mdomo, nao unafanya kazi.

Ile mistari miwili tuliiingiza Jumatatu, nesi mkuu anataja herufi, mimi nagonga. Kitanda cha mwisho sasa kuna fundi uashi, mzee mpole, vumbi la saruji. Jana mchana umeme ulikatika. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu. Ukarudi. Sikugusa kitu. Hakuna aliyesema neno upande wa pili wa ukuta. Nikasikia kompyuta inaamka, kisha kimya, kisha valvu ya kwanza, nikahesabu nane, kisha ya pili.

Inajiwasha yenyewe, Injinia. Kama nilivyokuandikia Februari.

Mjomba wako.